Wasijue Wakati wa Kufumba Macho

Jumapili, 2 Februari 2025

Watu kumi na mmoja wameokoka kwa sababu ya gitaa langu. Sijui nicheke au niombe radhi.

Niandike ilivyokuwa, kabla Frankline hajaigeuza kuwa ushuhuda. Jana ilikuwa siku ya vijana kwenye ukumbi wa mtaa, hapa Huruma. Bendi yetu, Maji ya Alhamisi, ilipewa nafasi baada ya wacheza sarakasi. Tuko wanne: Frankline Omolo kwenye kinanda, Ndeti kwenye besi, Aloo kwenye dramu, mimi gitaa. Hakuna mwimbaji. Tunapiga post-rock — roki ndefu isiyo na maneno, inayoanza kama mtu anayenong'ona na kuishia kama mvua kwenye mabati. Hivyo ndivyo huwa naieleza. Baada ya jana sijui nitaielezaje.

Wimbo wa pili. Noti zangu nne, polepole, peke yangu. Kisha Frankline akatandika ile sauti yake pana chini yangu, kama blanketi. Dakika ya tatu mama mmoja safu ya mbele akainua mikono. Nikadhani anajinyoosha. Akainua mwingine. Halafu emsii, kijana wa kanisa asiye na ubaya wowote, akachukua maikrofoni, akashusha sauti, akasema kama kuna mtu anasikia moyo wake unaguswa, asione haya, aje tu mbele. Wakaja. Makanga mmoja mkubwa, mabega kama mlango, analia waziwazi. Muuza njugu aliyekuwa mlangoni aliweka ndoo yake chini akaja pia.

Hakuna aliyekosea. Hapo ndipo panaponiuma. Kila mtu mtaani amekulia kwenye kanisa ambako pasta akikaribia kumaliza, kinanda huanza chini kwa chini, na hiyo ndiyo ishara: fumba macho. Walisikia kinanda chini kwa chini. Wakafumba macho.

Na Frankline? Badala ya kunyamaza, alishusha zaidi. Kazi hiyo anaijua tangu akiwa na miaka kumi na miwili. Tulipiga dakika ishirini na mbili wimbo wa dakika tisa.

Mimi pia nilipiga. Nisijifiche hapa. Mimi pia nilipiga.

Jumanne, 4 Februari

Mazoezi. Ukumbi wa kanisa la kina Frankline, saa kumi na moja jioni. Nilitoka shuleni moja kwa moja, chaki kwenye nywele.

Nikawaambia: muziki wetu una adabu mno. Frankline akauliza tangu lini adabu ikawa ugonjwa. Nikasema kila wimbo wetu tunajua utaishia wapi kabla haujaanza. Tunapanda, tunapanda, tunapasuka, tunashuka. Ndiyo maana uliyatosha mahubiri bila kupunguzwa hata uzi, kama suti ya kuazima iliyokaa sawa.

Ndeti alisema yeye hana shida na wimbo wa polepole, vidole vyake vya besi vinapata kupumzika. Aloo alicheka. "Manze Kavi, hata mimi kidogo niokoke. Nilijishika tu juu ya kuwa na fimbo mkononi."

Kisha Frankline akatoa habari aliyokuwa amekuja nayo. Pasta Nzomo wa kanisa lao anataka tupige kwenye mkutano wake wa injili, uwanjani, Jumapili ya tarehe 9 Machi. Wimbo uleule, wakati wa mwito wa kuja mbele. Tukipiga, ukumbi huu ni wetu mwaka mzima, Jumanne na Jumamosi, na dramu za kanisa ndani yake.

Nikauliza: tusipopiga?

Frankline akaanza kupanguza vitufe vya kinanda kwa pindo la shati.

Hatuna dramu nyingine. Hatuna ukumbi mwingine. Kwetu ni vyumba viwili, ghorofa ya nne, na jirani wa chini hugonga dari kwa mwiko nikikohoa tu.

Alhamisi, 6 Februari

Maji. Mitungi minane, ngazi sabini na mbili kila mmoja. Mama anasema nina sura ya mtu aliyedhulumiwa. Nikamwambia ni mitungi. Akasema mitungi ni ya kila Alhamisi, sura hii ni ya wiki hii.

Jumatatu, 10 Februari

Wiki nzima nasikiliza. Earphone ya kushoto imekufa, ya kulia inafanya kazi ya wawili. Nimepitia labda bendi arobaini za aina yetu, za kila upande wa dunia. Karibu zote ni ndugu. Gitaa lenye huzuni. Picha ya theluji kwenye jalada. Mlipuko dakika ya saba. Nimejizoeza kufunika skrini kwa kiganja na kubashiri: sasa. Na kweli — sasa.

Leo, chumba cha walimu, kipindi nisichokuwa na darasa. Bendi ya watu sita. Sijui hata wanatoka wapi, majina ya nyimbo zao yako kwa herufi nisizoweza kusoma. Wimbo ulianza mwishoni! Mlipuko kwanza, sekunde ya kwanza, bila hodi. Halafu ukaanza kubomoka. Dramu zikichechemea, tarumbeta ikicheka mahali pasipofaa, gitaa likikatizwa kila linapotaka kuwa zuri. Nilicheka kwa sauti. Mwalimu wa Kemia akauliza nimetumiwa kichekesho gani. Nikampa ile earphone hai. Akasikiliza kidogo, akanirudishia kwa huruma. "Kavinya, simu yako ina shida. Peleka kwa fundi."

Basi jambo hili linawezekana. Post-rock si lazima iwe huzuni iliyopanga foleni. Inaweza kuruka, inaweza kukosa heshima, inaweza kukataa kumwambia mtu asikie nini.

Lakini nikiwaiga hawa sita, hiyo nayo ni suti ya kuazima. Ya rangi kali zaidi, basi.

Nataka kitu ambacho mtu wa Huruma akikisikia asijue wakati wa kufumba macho. Abaki ameyafungua.

Jumamosi, 15 Februari

Nimekipata! Nadhani. Niandike kwa utaratibu.

Mama alinituma na chakula cha Baba karakanani, kule Gikomba anakochonga vinyago. Nimeenda pale tangu utotoni na sijawahi kusikiliza. Wanaume kumi na wawili wameketi safu mbili chini ya mabati, kila mmoja na gogo lake na tezo yake, na ile kelele ambayo tangu zamani nilikuwa naiita kelele tu. Leo Baba alikuwa amebakiza kidogo kwenye twiga, akanionyesha kwa kidevu nikae nisubiri.

Nikakaa. Na kwa sababu kichwa changu wiki hii ni masikio matupu, nikaanza kuhesabu.

Baba huenda kwa saba, la saba likiwa la kugeuza mti. Saba, anageuza. Mzee Kiema aliye kando yake anachonga vifaru, mti wake ni mfupi: tano, anageuza. Tano, anageuza. Hawasikilizani. Wanabishana habari za shamba huko Wamunyu na mikono inaendelea yenyewe. Lakini kuna mahali mikono ya wote wawili inageuza kwa pamoja, na hapo, katikati ya kelele yote, upande ule wa karakana unanyamaza. Pigo moja tu la kimya. Kisha kelele tena.

Saba mara tano. Thelathini na tano. Kitoto cha Kidato cha Kwanza kingeniambia.

Kimya chenyewe hakitangazwi. Hakipandiwi ngazi. Hakuna kinanda kinachokuja kukwambia jiandae moyo. Kinakuangukia tu na kabla hujajua ufanye nini nacho, kimekwisha.

Nilirekodi dakika kumi na mbili. Baba akauliza narekodi nini. Nikasema wewe. Akasema mwaitu, mimi sijaimba. Huniita mwaitu, yaani mama, kwa sababu nimechukua jina la mama yake. Mbele ya wenzake hunisalimia kama bibi kizee na wao hucheka. Wali ulikuwa umepoa nilipokumbuka kumpa.

Jumapili, 16 Februari

Sikuenda kanisani. Nimechora wimbo wote kwenye daftari la mraba, lile la shuleni. Gitaa: miraba saba, mstari. Dramu: miraba mitano, mstari. Besi inatembea moja moja bila kujali yeyote. Gitaa linatangulia kwa saba moja, kisha wote kwa nguvu zote. Kila pigo la thelathini na tano — kimya. Hakuna kupanda. Hakuna kushuka. Ni kazi tu, na kimya kinachoiangukia.

Mama alipita nyuma yangu akadhani ni ratiba ya mtihani.

Jumanne, 18 Februari

Vibaya. Vibaya vizuri.

Aloo alianguka mara kumi. Kila nikifika sita mkono wake unataka kunifuata. Akanitukana kwa upole, akatupa fimbo, akaziokota. Mara ya kumi na moja akaacha kunisikiliza, akaanza kujihesabia kwa midomo, moja mbili tatu nne tano, bila sauti, kama mtu anayetafuna. Tukafika thelathini na tano. Tukanyamaza wote. Ndeti alitoa macho. "Nani amezima stima?"

Tulirudia hadi wakatufungia geti.

Frankline hakupiga hata noti. Alikaa mikono mapajani. Mwishowe akauliza: mimi naingia wapi? Nikamwonyesha kwenye daftari. Kwenye kile kimya. Noti moja, au usipige, uamue kila mara. Akahesabu miraba kwa kidole.

"Noti moja kwa mapigo thelathini na tano."

"Ndiyo noti ambayo kila mtu ataisikia."

"Kavi, hiyo si nafasi. Hiyo ni adhabu."

Sikuwa na nia hiyo. Nadhani sikuwa na nia hiyo.

Jumamosi, 22 Februari

Nimemharibu Baba.

Asubuhi nilipita karakanani kurekodi tena, nikashindwa kunyamaza. Nikamwambia: Baba, unajua huwa unakwenda kwa saba? Akasema hahesabu kitu, mti wenyewe ndio humwambia. Nikamwambia asikilize. Akapiga. Moja, mbili — nikaona midomo yake imeanza — tatu, nne, tano, akasita, sita, na tezo ikala mguu wa mbele wa twiga, tap, chini kwenye vumbi.

Kimya cha kweli. Safu zote mbili.

"Mutisya," Mzee Kiema akasema, "huyo sasa ni mbuzi. Mnunulie kamba."

Wakacheka hadi mmoja akaweka tezo chini. Baba alishika ule mguu, akajaribu kuurudisha mahali pake kama mtoto na mdoli. Akaniambia nimemroga. Akachukua mti mwingine. Sita. Nane. Hakurudi kwenye saba asubuhi yote. Nilikaa kwenye rundo la maranda nikiwa nimejikunja. Mtu amechonga miaka thelathini na moja, na mimi nimekuja na daftari la mraba.

Lakini nimejifunza kitu. Wao wanaweza kwa sababu hawahesabu. Sisi itabidi tuhesabu mpaka tuache.

Mchana, mazoezi. Mara tatu mfululizo bila kuanguka. Ndeti ameanza kuupenda, ingawa anasema ni kwa sababu ya zoezi la mwili. Aloo bado anatafuna namba zake. Frankline alikuja amechelewa, akapanga nyaya, akaenda kukaa nje kwenye ngazi.

Baba amerudi jioni. Kabla ya kuvua viatu: "Leo, saa tisa, saba zangu zimerudi. Usiniulize chochote."

Jumanne, 25 Februari

Pasta Nzomo alikuja mazoezini. Sikumwona akiingia. Tulimaliza, akapiga makofi, kwa kweli alipiga makofi, si mtu mbaya. Alimsifu Aloo kwanza. Alisema ni mara ya kwanza kuona mpiga dramu anayeomba huku akipiga, midomo yake haikupumzika hata kidogo. Aloo akamjibu, "Amina, Pasta." Ndeti alilazimika kuinama kufunga kamba ya kiatu kisichokuwa na kamba.

Kisha akavuta kiti karibu nami. Aliongea taratibu. Kwamba huu wa leo una nguvu za ujana, ameona, lakini una vurugu. Mtu anakuja uwanjani na mizigo yake, anataka pa kuitua. "Sasa huku kwako, binti yangu, atajua saa ngapi afumbe macho?"

Maneno yangu mwenyewe! Karibu neno kwa neno, ila yeye anayaona kama kasoro.

Nikamjibu kwa heshima kwamba labda si lazima afumbe. Akasema muziki ni wangu, hawezi kunipangia niupigeje kwetu. Ila mkutano ni wake na ukumbi ni wa kanisa. Tarehe 9 ni ule wa polepole. Kama hatuwezi, hana kinyongo. Frankline atarudisha ufunguo, nao ukumbi atawapa akina mama wa maombi, ambao wameusubiri tangu Desemba.

Yuko wazi. Ningependa awe na hila kidogo, ningemchukia vizuri.

Alhamisi, 27 Februari

Maji hayakuja.

Nilimwuliza mwenyekiti wa karakana kama Jumapili, wachongaji wakiwa hawapo, tunaweza kufanyia mazoezi pale. Akasema kuna soketi moja na mbao kavu za tani nzima, na mimi nataka kuchomeka amplifaya. Akaniuliza kama Baba anajua kwamba nataka kumchomea kazi. Basi.

Jumamosi, 1 Machi

Leo tuliamua. Sijui kama tuliamua.

Kabla ya mazoezi Frankline aliniita kwenye ngazi. Hajawahi kuniita pembeni katika miaka minne ya bendi hii. Alikuwa ameshika ufunguo wa ukumbi, anauzungusha kwenye kidole.

Aliniuliza kama najua waliokuja mbele siku ile walikuwa akina nani. Nikasema makanga, muuza njugu. Akasema mama yake alikuwa wa nne.

Sikumwona. Nilikuwa natazama nyuzi.

Tangu ndugu mdogo wa Frankline afariki, mama yake hajaingia kanisani. Miaka mitatu. Hata kwenye mkutano wa chama cha majirani haendi. Wanaokuja kumsalimu huishia mlangoni. Alikuja ukumbini kumwona mwanawe akipiga, basi, akakaa karibu na mlango ili aondoke mapema. "Wewe unaona ni makosa yalitokea," Frankline akasema. "Unawaiga kwa Aloo, mnacheka. Sawa. Mimi nilikuwa kwenye kinanda nikamwona Mama akisimama akitembea. Unataka nikupigie noti moja kila baada ya nusu dakika? Nilikuwa namtembeza mama yangu, Kavi. Ningepiga mpaka asubuhi."

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Nikamwambia pole, na nilikuwa namaanisha. Nikamwambia pia kwamba sibadilishi wimbo. Yote mawili kwa pumzi moja. Hata sasa naandika na siwezi kufuta mojawapo.

Kwa sababu, na hili sikumwambia: kama blanketi lile lilimfunika mama yake, liliwafunika na wengine kumi ambao hatujui walikuwa wanataka nini. Labda makanga alitaka tu kusikiliza. Labda nilikuwa na jambo la kumwambia, na kabla halijafika kwake tayari alikuwa ameambiwa maana yake. Hakuna aliyewahi kuniuliza mimi nasema nini pale juu. Wanajua tayari! Kila mtu mtaani anajua tayari. Nimechoka kupiga kitu ambacho kila mtu anakijua tayari.

Tukaingia ndani tukapiga kura. Frankline: wa polepole. Ndeti: wa polepole, samahani Kavi, mimi nataka pa kuweka amplifaya yangu. Mimi: hapana. Aloo alikuwa akizungusha fimbo.

"Mimi sina kura," akasema. "Wimbo unaanza na gitaa peke yake, si ndio? Basi mimi nafuata gitaa. Ikianza na nne, nne. Ikianza na saba, saba. Msiniulize tena."

Frankline akanitazama. Akasema atamwambia Pasta tutakuja. Nikasema nitakuja.

Sikusema nitapiga nini. Alilijua hilo. Hakuniuliza.

Jumatano, 5 Machi

Nimejaribu kuupenda wimbo wa zamani tena, kwa haki. Nimeupiga bila umeme, kitandani, mara sita. Ni mzuri. Ndiyo shida yake. Mkono unajua njia, unaenda peke yake kama punda wa maji.

Nimejaribu pia kutafuta njia ya katikati: nianze na nne halafu niteleze kwenye saba. Ilikuwa kama kumdanganya mtu kwa hatua ndogondogo. Nimeacha. Ama hivi ama vile.

Baba ameuliza Jumapili ni saa ngapi. Nikamwambia si kanisa lake. Akasema hajauliza ni la nani.

Jumapili, 9 Machi

Saa tisa na robo. Niko jukwaani, kwenye kiti cha plastiki, gitaa mapajani, daftari juu ya gitaa. Hakuna anayeshangaa. Pasta anahubiri na kila mtu jukwaani ana daftari, wanaandika mistari. Mimi pia naandika. Pasta amenigeukia mara mbili akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Joto. Vumbi. Watu ni wengi kuliko nilivyowahi kuona kwenye uwanja huu, hata siku za mpira. Viti vimekwisha, wengine wamekalia matofali.

Safu ya mbele: Mama Frankline. Kitambaa cheupe kichwani, mkoba umekumbatiwa. Leo hakukaa karibu na njia ya kutokea.

Upande wa kulia, nyuma, wamesimama: Baba, suti ya harusi za watu, na Mzee Kiema kando yake. Wanabishana, naona midomo. Lazima ni shamba. Kidole cha Baba kinagonga pajani. Nimejizuia nisihesabu. Sitamharibu mara ya pili.

Frankline alipopanga kinanda leo hakuniambia kitu ila hili: "Utaanza wewe." Kama vile anampa mtu ufunguo. Ufunguo wenyewe nimeuona, uko juu ya kinanda, kando ya vitufe vya mwisho. Hakuuacha nyumbani. Nadhani ameuweka pale ili nikiangalia niuone. Au ameuweka pale auone yeye.

Ndeti anatokwa jasho.

Pasta ameanza kupunguza sauti. Anasema kuhusu mizigo. Anasema vizuri, siwezi kukataa, mwanamke wa safu ya tatu tayari ameinamisha kichwa. Ishara yetu ni leso. Ikipanda juu ya kichwa chake, naanza. Sasa anajifutia shingo nayo tu.

Nikianza na nne: tuna ukumbi, tuna dramu, tuna Jumanne na Jumamosi, mama yake Frankline ana pa kutembelea. Na mimi nitakuwa mtu anayepiga blanketi.

Nikianza na saba: uwanja mzima, macho wazi. Na yeye pale mbele na mkoba wake, macho wazi, hajui aende wapi. Nami nimemfanyia hivyo mbele ya mwanawe.

Ananitazama. Mama Frankline. Ananitazama mimi, si mwanawe. Si kwa ubaya. Kama mtu anayesubiri kuambiwa jambo.

Labda hakuna aliyewahi kumwuliza, yeye pia.

Leso imetoka shingoni. Inapanda.

Imepanda. Vichwa vyote vimeinama, kama shamba lililopigwa na upepo. Frankline amefumba macho, mikono juu ya vitufe, anasubiri. Mkono wangu wa kushoto uko kwenye nyuzi. Huu wa kulia bado una kalamu. Pasta amegeuka, anatabasamu, anadhani namalizia mstari.

Nimemwangalia Aloo, yule asiye na kura. Hajafumba. Fimbo ziko hewani na midomo yake imeshaanza, bila mimi. Mtu yeyote angesema anaomba. Nimehesabu naye, na nimehesabu tena ili nisijidanganye.

Haishii nne. Anafika tano, anarudi moja.